Bi Deolinda na Meza Iliyokuwa Ikipumua

Kwa miaka kumi na mitatu Deolinda Avelar aliwashonea watu wa kompyuta vitambaa vya meza, na katika miaka hiyo yote hakumwambia mtu yeyote kilichokuwa chini ya meza hizo. Hata mumewe hakumwambia. Fundi anayetangaza viuno vya wateja wake, alikuwa akisema, ni afadhali auze cherehani akanunue tarumbeta.

Si kwamba alikuwa mkimya. Deolinda alizungumza tangu anapofungua macho mpaka anapoyafumba, na wako majirani wa barabara ya Alum Rock wanaoapa kwamba hata mdomo ukiwa umejaa pini maneno yalimtoka yamenyooka. Alisema juu ya bei ya nyama, ndoa za watu, mahubiri ya padri na mbwa wa jirani. Lakini mambo ya chini ya nguo, hayo hakuyagusa.

Kazi ya moyo wake ilikuwa majoho. Kila kiangazi, Wareno wa San Jose wakifanya sikukuu ya Roho Mtakatifu, binti mmoja huvikwa taji akatembea hadi kanisani akiwa malkia, akiburuta nyuma yake joho la mahameli refu kuliko gari la baba yake, limetariziwa njiwa na miali ya jua kwa nyuzi za dhahabu. Akina mama hushindana. Akina baba huwa hawaulizwi. Ndani ya kila joho, upande wa kushoto kwenye bitana, Deolinda alishona mfuko mdogo usioonekana na kutia leso humo, kwa sababu malkia naye hulia, tena sana, na hawezi kujipangusa kwa taji.

Alikuwa pia na daftari. Daftari hilo lilizaliwa na uongo wa Natália Bettencourt, aliyeapa mbele ya sanamu ya Bikira kwamba binti yake angevaa viatu bapa, kisha siku ya sikukuu mtoto akatokea juu ya visigino virefu kama miiko, nguo ikawa fupi, vifundo vya miguu vikionwa na parokia nzima. Natália akamlaumu fundi hadharani, watu wakiwa na bakuli za supu mikononi. Tangu siku hiyo Deolinda alimwuliza kila mteja jambo lile lile mara tatu, akaandika jibu, na mteja akatia sahihi. Kisha alishona kwa mujibu wa jibu. Jibu likiwa la uongo, joho nalo lilitoka la uongo.

"Mimi nashona nilichoambiwa," alikuwa akisema. "Kama kuna kingine, hicho ni kati yako na Mungu."

Namna alivyoingia kwenye meza ni hivi. Mwaka 1983 mama mmoja wa kampuni ya kompyuta alikuwa amesimama kando ya barabara akila soseji ya sikukuu, malkia akapita, na yule mama akasahau kutafuna. Alimfuata Deolinda mpaka jikoni mwa ukumbi akamwuliza kama anaweza kuishonea meza vazi la namna ile, kwa ajili ya maonyesho. Deolinda akamwuliza meza yenyewe ina mabega mapana kiasi gani. Wakaelewana.

Siku ya kuchukua vipimo alipiga magoti, akainua kitambaa cha zamani, akakuta kitu. Juu ya meza palikuwa na kidude kidogo kizuri, kimesafishwa mpaka kinang'aa. Chini ya meza palikuwa na kompyuta kubwa ya kawaida, waya wake umepenyezwa kwenye tundu, nayo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yote. Kidude cha juu kilikuwa kikipokea makofi tu.

Akaja kujua kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda katika bonde lile la San Jose, penye makampuni ya kompyuta. Tarehe ya maonyesho hufika kabla kidude hakijaiva. Basi wanakificha kinachoweza chini, wanakiweka kisichoweza juu, na wanasema kitakuwa tayari majira ya kuchipua. Hakuna anayeona haya. Deolinda naye hakuwahukumu. Alishawahi kushona joho lenye mabega ya pamba kwa malkia asiye na mabega. Ila juu ya vitambaa vyake alisikia kikitangazwa kifo cha karatasi, kifo cha kalamu, kifo cha posta na kifo cha kibodi, na kila mara marehemu alikuwa pale pale chini, mzima, anatoa jasho.

Basi ukaja mwaka 1996, na magazeti yakaanza kuichimbia kompyuta kaburi.

Mumewe Hermínio ndiye aliyeleta gazeti mezani, asubuhi, likiwa limekunjwa mahali palepale pa msiba. Hermínio alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye duka dogo mtaa wa tatu kutoka nyumbani, mwenye miaka sitini na miwili na vidole vyembamba kuliko vya mkewe. Aliliweka gazeti juu ya mkate mtamu.

"Soma hapa. Miaka miwili, Linda. Wamesema miaka miwili, kompyuta kwisha."

"Nani kasema?"

"Wote."

"Wote ni nani? Mimi sijasema. Ondoa gazeti kwenye mkate."

"Watu watakuwa na kisanduku kidogo tu. Hakina diski, hakina programu, hakina chochote. Kila kitu kiko huko kwenye intaneti. Kisanduku hakiharibiki."

"Kitu kisicho na chochote ndani kitaharibikaje? Hata kichwa cha Furtado hakijawahi kuharibika."

Hermínio hakucheka. Furtado alikuwa ndiye mwenye jengo la duka, na ndiye aliyehusika na habari iliyofuata. Hermínio aliitoa kwa mkupuo, kama mtu anayemeza dawa. Alikuwa ameshazungumza na Furtado. Jumamosi saa sita mchana angemrudishia funguo, na Jumatatu pale pangeingia mtu wa kukaanga maandazi. Yeye Hermínio angekuwa wakala wa kisanduku kipya kiitwacho Lumo. Angevaa suti. Angepita nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu.

Deolinda aliweka kisu chini.

"Wewe? Ueleze?"

"Nitajifunza."

"Hermínio, uliponichumbia ulikuja kwa shangazi yangu Jumapili saba mfululizo ukatengeneza redio. Redio haikuwa mbovu. Ya nane shangazi ndiye aliyekuuliza kama unanitaka, nawe ukaitikia kwa kichwa."

"Ilikuwa na waya umelegea," alisema Hermínio.

Ni kweli kwamba huyu bwana alizungumza vizuri na vitu vyenye skrubu tu. Kompyuta ikiletwa dukani alikuwa akiiinamia na kuiuliza taratibu, "Una nini, mama? Wapi panauma?" Mwenye kompyuta akisimama kando hakuulizwa lolote.

Lakini alikuwa na sababu, na Deolinda aliijua. Kabla ya kompyuta Hermínio alikuwa fundi wa taipureta, bora kuliko wote toka Santa Clara mpaka Gilroy. Watu walimwambia taipureta zinakufa. Akasema maneno ya magazetini hayo, watu watachapa barua mpaka siku ya kiyama. Ukaja msimu mmoja wa baridi, taipureta kumi na moja zikakaa rafuni zimekwisha tengenezwa, zimetiwa mafuta, na hakuna aliyekuja kuzichukua. Hermínio alikaa nazo miezi minne. Jioni alirudi nyumbani akamenya viazi, polepole, vingi kuliko walivyoweza kula. Deolinda hakupata kuogopa namna ile tena, hata siku daktari alipomkata uvimbe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Hermínio sasa alikuwa ameuona ung'ongo kwenye gazeti.

"Safari hii," alisema, "sitakuwa wa mwisho kutoka ndani ya nyumba inayoungua."

Kilichomtia Deolinda kiwewe hakikuwa duka. Duka ni kuta. Akilini alimwona mumewe ndani ya suti, kwenye mlango wa mtu, ameshika kisanduku, midomo imekauka, mlango unafungwa. Alimwona akirudi kwenye viazi. Na jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba wiki iliyopita simu ilikuwa imepigwa kutoka kwa watu wa Lumo. Walikuwa na maonyesho Jumamosi saa nne asubuhi. Walitaka kitambaa cha meza.

Alhamisi iliyotangulia alikuwa ameenda kuchukua vipimo, na bado ulimi ulikuwa ukimwasha.

Aliyempokea aliitwa Brent Halvorsen, kijana wa miaka kama thelathini, meno mazuri, tai yenye picha za sayari. Meza ilikuwa katikati ya chumba, imefunikwa shuka. Juu yake palikaa Lumo, buluu, ndogo kama kopo la biskuti, na mbele yake kioo. Deolinda akapiga magoti na futi yake. Mara akahisi uvuguvugu kwenye magoti, kama ule wa kukaa karibu na ng'ombe, na akasikia mvumo.

"Nataka mahameli nyeusi," Brent alisema. "Mpaka sakafuni kabisa, pande zote nne. Nzito. Pasionekane hata mwanga."

"Chini kutakuwa na nini, mwanangu?"

"Karatasi. Makaratasi ya matangazo tu, Bi Deolinda."

"Nauliza kwa sababu kama kuna kitu kinachopumua, ninaacha dirisha kwa nyuma. Huwa naweka wavu mdogo, hauonekani."

"Hapana, hapana. Dirisha la nini? Watu wengine hupita nyuma wakachungulia. Karatasi tu."

"Karatasi zenu zina homa?"

Brent alicheka kwa meno yote. "Hiyo ni mitambo ya joto ya jengo."

"Basi nauliza mara ya tatu, na hii ndiyo ya kuandika. Chini ya meza?"

"Karatasi."

Deolinda aliandika: *Chini ya meza: karatasi. Bila dirisha.* Brent akatia sahihi ndefu yenye mkia, huku akimweleza kwamba kompyuta ndiyo basi tena, na kwamba mjukuu wake Deolinda hatajua ilikuwa kitu gani. Mvumo uliendelea. Deolinda alisema ni kweli, dunia inakwenda, akakunja futi yake.

Sasa, angeweza kumaliza mambo kwa sentensi moja tu. Asubuhi ile ya gazeti, mumewe akiwa mbele yake na makombo kwenye masharubu, angesema: mume wangu, hicho kisanduku chako kinaendeshwa na kompyuta kama zile ulizo nazo dukani, nimeihisi kwa magoti yangu. Alifungua kinywa. Akafunga. Miaka kumi na mitatu! Wasichana wangapi walisimama na nguo za ndani tu mbele yake wakimwamini! Akivunja kwa ajili ya mume leo, kesho atavunja kwa ajili ya dada, na kesho kutwa Natália Bettencourt atajua kila kitu. Alimimina kahawa.

"Basi kabla hujampa Furtado funguo," alisema, "twende wote kwenye maonyesho. Mimi lazima niwepo na pini zangu. Ukakione hicho kisanduku kikifanya kazi."

"Nilikuwa nimepanga kwenda," Hermínio alisema. "Wamenipa kiti cha mbele. Sisi mawakala."

*Sisi mawakala.* Deolinda alipanda kwenye chumba cha cherehani akafunga mlango.

Alishona kama alivyoambiwa. Alishona vizuri kuliko alivyoambiwa. Mahameli aliyotumia ilikuwa ile ya majoho yenyewe, na ndani akatia bitana mara mbili, ili pasionekane hata mwanga. Kwenye pindo alipitisha mnyororo mwembamba wa chuma, ule unaolifanya joho la malkia lilale chini bila kupepea hata upepo ukija, na kitambaa kikaigusa sakafu kama kimegundishwa. Dirisha hakuweka, kwa kuwa karatasi hazina pua. Kuna jambo moja dogo zaidi alilofanya, ambalo hakuulizwa wala halikuandikwa. Hilo nitalisema likifika wakati wake.

Ijumaa nyumbani hakukukalika. Bisibisi ya Hermínio ilikuwa imepotea, ile ndogo yenye mpini wa njano uliofungwa uzi mwekundu, aliyokuwa nayo tangu enzi za taipureta. Alipekua droo, akapekua mifuko, akapekua chini ya kitanda.

"Ya nini sasa?" Deolinda alimwuliza, mdomo umejaa pini. "Kisanduku hakina skrubu. Wakala anahitaji tai."

Hermínio alimtazama kwa macho ya mtu aliyeumia. Akaendelea kutafuta.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu wa magazeti, watu wa benki, mawakala ishirini na kitu ndani ya suti. Ya Hermínio ilikuwa ya harusi ya binti yao, na funguo za duka zilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Kila mara alizigusa kwa nje, kama mtu anayeangalia kama moyo bado upo. Deolinda alikaa ubavuni, kwenye kiti cha kukunja, mto wa pini kwenye kifundo cha mkono. Kitambaa kilikuwa kimelala vizuri ajabu. Mama mmoja wa gazeti alikishika akasema, "Jamani!"

Brent alianza. Alikuwa na domo huyu kijana, ukweli usemwe. Alisema kompyuta ni dude kubwa, lenye joto, lenye kelele, lenye kuvunjika kila wiki na kuhitaji fundi. Hapo Hermínio akatazama viatu vyake. Alisema Lumo haina diski, kwa hiyo haina cha kuharibika. Akabonyeza, picha ikaja. Akabonyeza tena, likaja gazeti la Paris. Watu wakapiga makofi. Hermínio naye akapiga, kisha akazigusa tena funguo.

Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Deolinda aliangalia saa ya ukutani, akaanza kuhesabu rozari kwa pini.

Kwenye dakika ya kumi na tisa, kutoka mahali pasipojulikana, kikatoka kilio. *Bip.* Kisha *bip, bip, bip*, chembamba, cha kukosa pumzi. Picha ya mji wa Roma ikasimama na njiwa hewani. Kioo kikazima, kikawaka cheusi, na kwa herufi nyeupe Lumo isiyo na diski ikatangaza mbele ya watu mia mbili kwamba diski yake haionekani.

Wengi hawakuielewa sentensi ile. Hermínio aliielewa kuliko anavyoielewa sala ya Baba Yetu. Alikuwa ameiona kila Jumatatu kwa miaka minane. Deolinda, aliyekuwa akimtazama yeye tu, aliona kichwa chake kikiinama upande mmoja, sikio likatangulia, kama anavyofanya dukani.

"Sekunde moja tu," alisema Brent, shati limemganda mgongoni. Mtaalamu wao alikuwa ametumwa uwanja wa ndege kumpokea mkubwa wao. "Ni mtandao. Mtandao unatuchezea leo."

*Bip, bip, bip.*

Hermínio alisimama. Huyu ambaye hakuweza kuomba chumvi mezani kwa watu, alisimama mbele ya ukumbi mzima, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza.

"Mzee, samahani, mawakala wanaombwa wakae—"

"Ngoja, kijana. Mashine inalia."

"Hakuna mashine, mzee! Hapo chini ni karatasi!"

Lakini Hermínio alikuwa ameshapiga magoti. Aliinua pindo; Brent akalivuta chini; akaliinua tena, akaingia mzimamzima, mahameli ikamfunika, zikabaki nje nyayo mbili za viatu vya harusi. Kutoka chini ikasikika sauti ya upole kabisa: "Una nini, mama? Wapi panauma?"

"Fundi wetu wa umeme," Brent aliwaambia watu wa magazeti. "Mtu wa utani sana."

Kilichofuata Deolinda alikisikia kwa masikio tu. Kukuru kakara. Mkono ukipapasa bitana upande wa kushoto, ukitafuta njia ya kuingiza hewa. Kisha mkono ukaacha kupapasa. Halafu chini ya meza mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha tumboni, cha mtu aliyejifunika, na Deolinda alikuwa hajakisikia tangu magazeti yaanze kuandika mambo yale. Alijifanya anatafuta pini sakafuni ili watu wasimwone uso.

Skrubu nne zikatoka. Mvumo ukarudi, kwanza wa kusitasita, kisha wa uhakika. Njiwa wa Roma wakaruka. Makofi yakalipuka.

Ila mashine iliyopigwa na joto haiachwi hivyohivyo, na Hermínio hakutoka. Alibaki mle ndani mpaka mwisho wa hotuba. Ikumbukwe kwamba Brent hakusema uongo mtupu: chini ya meza kweli palikuwa na boksi moja la karatasi. Hermínio alichukua moja, ngumu, ya rangi, iliyoandikwa kwa herufi kubwa KOMPYUTA IMEKUFA, akaipepea kompyuta nayo dakika ishirini na tano, huku juu ya kichwa chake Brent akimalizia mazishi. Kila Brent aliposema "imekufa", mahameli ilitikisika kidogo. Deolinda aliona ni kwa pepeo. Au mzee alikuwa bado anacheka.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kwenye vinywaji, Brent alimjia mbio, akainama sikioni.

"Kitambaa chako hakipitishi hewa!"

"Hewa ya nani, mwanangu?"

"Ya…" Alitazama nyuma. Mama wa gazeti alikuwa hatua tatu tu. "Unajua ya nini!"

Deolinda alifungua mkoba, akatoa daftari, akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Mimi najua kilichoandikwa. *Karatasi. Bila dirisha.* Na huu mkia hapa, si wa sahihi yako? Mkia mzuri." Akashusha sauti. "Siku nyingine ukiulizwa na fundi cherehani, mwambie ukweli. Fundi cherehani ni kama daktari. Hatusemi."

Brent aliutazama mkia wa sahihi yake. Kisha, ni lazima tumpe haki yake, akauliza kwa sauti ndogo kama dirisha linaweza kuongezwa kabla ya maonyesho ya Chicago. Deolinda alisema linaweza.

Hermínio akaingia kwenye gari. Goti moja la suti lilikuwa na vumbi, tai ilikuwa mfukoni. Deolinda alijizuia kumwuliza lolote, jambo lililomgharimu sana. Walipita kanisa lenye minara miwili, wakapinda, na mbele ya duka wakamkuta Furtado, amewahi, anapima upana wa mlango kwa ajili ya jiko la maandazi. Saa sita ilikuwa haijafika hata.

Hermínio alishuka, akatoa funguo, Furtado akanyoosha mkono. Hermínio akapita, akafungua mlango, akazirudisha mfukoni.

"Mwambie mtu wa maandazi atafute mahali pengine," alisema.

"Kwani vipi? Si ulisema zinakufa? Si kisanduku?"

"Nimekiona kisanduku."

"Kina nini ndani?"

Hermínio alimtazama mkewe, kisha akamtazama Furtado. "Mambo ya ndani ya mashine ya mtu hayasemwi barabarani," alijibu, akavua koti.

Furtado akaondoka na futi yake, akinung'unika kwamba Wareno wa siku hizi hawana neno moja, kana kwamba yeye mwenyewe si Mreno. Ndani ya duka palinukia mafuta na vumbi la joto. Kompyuta tatu zilikuwa benchini zikingoja. Hermínio alisimama mbele yake Deolinda, akatia mkono mfuko wa shati, akatoa bisibisi ndogo yenye mpini wa njano, uliofungwa uzi mwekundu.

"Hii ilikuwa chini ya meza ya watu," alisema. "Upande wa kushoto. Ndani ya bitana."

"Kila joho langu lina mfuko, Hermínio. Umenioa miaka thelathini na mitano hujui?"

"Mfuko wa leso."

"Wa kitu cha kumnyamazisha anayelia," alisema Deolinda, na sasa ni yeye aliyehitaji leso, na hakuwa nayo, akatumia ncha ya mto wa pini. "Nilijua ni nani atakayelia. Na nilijua ni nani hataweza kukaa kitini akimsikia."

Hermínio aliitikia kwa kichwa, kama siku ile kwa shangazi. Kisha akavuta kiti, akaisogeza kompyuta ya kwanza, akaiinamia.